Jinsi ya kukagua ngozi yako nyumbani na kuikinga na saratani: mwongozo kamili kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Nikishawafundisha watu kukagua ngozi zao, wiki mbili baadaye hunirudia na jibu lilelile: "Nesi, nimejiangalia, sina kitu." Namuuliza mtu, nyayo umeziangalia? Kimya. Nyuma ya masikio je? Kimya. Chini ya kucha? Hapo anaficha vidole. Kumbe alijitazama uso tu kwenye kioo cha kabati, usiku, kwa taa ya sola, dakika mbili akamaliza.

Kwa hiyo leo naandika kila hatua na sababu yake, ili usiruke hata moja. Kosa linaloniumiza kuliko yote ni kungoja maumivu. Saratani ya ngozi mwanzoni kwa kawaida haiumi. Haileti homa, haikuzuii kwenda shamba. Ukingoja iume, umeipa muda wa kuota mizizi.

## Inamhusu nani

Wenye ualbino ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kutosha kuzuia mionzi ya jua. Kwao saratani huota panapopigwa na jua: uso, masikio, midomo, shingo, mikono. Madhara huanza kujijenga tangu utotoni, na wengi huugua wakiwa bado vijana.

Lakini wenye ngozi nyeusi, msifunge ukurasa. Kwenu inapotokea, hupenda mahali pasipotazamwa: nyayo, viganja, chini ya kucha, na juu ya makovu ya moto au vidonda vya miaka mingi.

Kundi la tatu ni wanaoishi na VVU, kwa sababu ya saratani iitwayo Kaposi. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, Njombe iliongoza kwa maambukizi kati ya watu wazima, asilimia 12.7, ikifuatiwa na Iringa, 11.1. Mbeya ilikuwa 9.6. Hili ni jambo la nyumbani kwetu.

## Vitu vya kuandaa

- Kioo kikubwa, hata cha kabati, na kioo kidogo cha mkononi
- Kiti au kigoda
- Simu yenye tochi na kamera
- Kitana
- Rula ya shule na sarafu moja
- Daftari na kalamu
- Mtu unayemwamini: mume, mke, dada, au mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa

Mtu huyo usimwache nje ya orodha. Mgongo na utosi wako huwezi kuvikagua vizuri peke yako.

Kwa upande wa kinga utahitaji kofia ya pama, nguo za mikono mirefu na losheni ya kukinga jua. Nitazieleza tukifika huko.

Kama umetoka harusini na una hina au piko nyayoni na kwenye kucha, subiri ifutike ndipo ukague. Rangi ya kucha nayo itoe kwanza. Doa la hatari linaweza kukaa chini yake usilione kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua siku na mwanga

Chagua siku moja ya mwezi usiyoweza kuisahau, mfano Jumapili ya kwanza. Kagua mchana, karibu na dirisha au mlango ulio wazi. Taa ya njano hupotosha rangi: chekundu huonekana kahawia, na zambarau huonekana nyeusi.

Najua Juni na Julai kuvua nguo Makete au Njombe si mchezo. Huna haja ya kuvua zote. Fungua sehemu moja, ikague, ifunike, nenda nyingine. Usijifungie chumbani na jiko la mkaa ili upate joto. Hewa yake haina harufu na huua.

## Hatua ya 2: Oga, jikaushe, usipake kitu

Mafuta ya mgando tunayojipaka kwa ajili ya baridi hung'arisha ngozi na kulainisha magamba madogo ambayo ndiyo unayoyatafuta. Sugua nyayo kwa jiwe mpaka udongo utoke kwenye magaga. Kausha katikati ya vidole.

Hatua hii imefanikiwa ukiweza kupitisha kidole kwenye ngozi na kuhisi kila mkwaruzo. Kwa mwenye ualbino, kidole mara nyingi hugundua kabla ya jicho: sehemu iliyoanza kuharibiwa na jua hukwaruza kama msasa, hata kama rangi yake haijabadilika sana.

## Hatua ya 3: Kichwani hadi kiunoni

Anza na nywele. Mwenzako azigawe kwa kitana, mstari baada ya mstari, akimulika kwa tochi. Ukiwa na misuko, fanya siku ya kufumua.

Shuka usoni: paji, pua, kope, mdomo wa chini. Mdomo wa chini hupokea jua kuliko wa juu, na kidonda kidogo kisichopona hapo wengi hudhani ni baridi. Kunja masikio, angalia nyuma na juu ya ukingo wake. Fungua mdomo, mulika kaakaa na fizi. Doa la zambarau au jekundu lililokolea kwenye kaakaa linaweza kuwa Kaposi, hata kama ngozi yote ni safi.

Shingo, hasa kisogoni. Mabega, mikono, katikati ya vidole vya mikono, viganja. Kifua, wanawake mnyanyue matiti muangalie chini yake. Kwapa. Kisha mgeukie mwenzako akague mgongo wote.

Sehemu za siri nazo ni ngozi. Kaa kwenye kiti, tumia kioo kidogo, usione aibu na mwili wako.

## Hatua ya 4: Miguuni, na hapa usikimbie

Kaa, weka mguu mmoja juu ya goti la mwingine. Kama goti halikunjiki, weka kioo kidogo sakafuni na uinue unyayo juu yake. Angalia kisigino, upinde wa unyayo, chini ya kila kidole, katikati ya vidole, kisha kucha moja moja.

Nasisitiza miguu kwa sababu huku kwetu mguu una visingizio vingi. Anayelima viazi Umalila, anayechuma chai Mufindi, anayeshinda majarubani Mbarali, wote miguu yao ina historia ya jembe, miiba, mawe na funza. Kwa hiyo doa jeusi likitokea, sababu ya kulipuuza ipo tayari. Baba mmoja alikuja kwangu kwa shida ya kifua. Alipovua viatu nikaona doa jeusi kisiginoni lenye kingo zilizochanika. Akaniambia, "Nesi, huo ni mwiba tu wa mwaka juzi." Mwiba wa mwaka juzi, na doa linazidi kupanuka.

Wengi wanamjua Bob Marley. Mwaka 1977 aligundulika kuwa na melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Sasa, jinsi ya kutofautisha. Damu iliyovilia chini ya ukucha baada ya kujikwaa husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja tu kwa mwezi, kwa hiyo mwendo ni wa polepole, lakini kila mwezi utaona nafasi safi nyuma ya weusi ule. Weusi usiosogea, au unaorudi nyuma kuelekea nyama, si damu ya kujikwaa.

Mistari myeusi kwenye kucha ni kitu cha kawaida kwa ngozi nyeusi, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa, myembamba na iliyonyooka. Wa kutilia shaka ni mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, unaokolea, au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka. Ukiona hilo la mwisho, usingoje mwezi ujao.

Madoa ya kahawia nyayoni nayo wengi wetu tunayo, na mengi hayana neno. Tunachotafuta ni jipya, au la zamani lililobadilika.

## Hatua ya 5: Makovu na vidonda vya zamani

Nyumba zetu zina moto wa kuota, na watoto huungua. Wenye kifafa huangukia motoni. Kovu hupona, mtu anakua, anaoa, anasahau. Miaka ishirini au thelathini baadaye kovu linapasuka, linapona, linapasuka tena.

Kagua kila kovu kubwa la moto kwa vidole. Limechanika bila kugongwa? Kuna kinyama kimeota katikati, au kingo zimeinuka na kuwa ngumu? Kinatoa harufu au damu kwa urahisi? Hayo yote ni ya kwenda hospitali. Ndivyo ilivyo pia kwa kidonda cha mguu cha miaka mingi ambacho ghafla kimebadilika sura.

Usikichome kwa maji ya betri, usikiwekee majivu, usikate kinyama kwa wembe. Unaharibu ushahidi ambao daktari anauhitaji, na unafungulia uchafu njia.

## Hatua ya 6: Pima, piga picha, andika

Hapa ndipo wengi huanguka hata baada ya kukagua vizuri. Wanategemea kumbukumbu. Mwezi wa tatu mtu anajiuliza: hivi lilikuwa hivi hivi?

Kwa kila alama unayoitilia shaka, weka sarafu pembeni yake, sarafu ileile kila mwezi, kisha piga picha kwa umbali uleule na mwanga uleule. Pima kwa rula sehemu pana zaidi. Andika kwenye daftari: tarehe, mahali, upana kwa milimita, rangi, na kama inawasha au inatoa damu. Mfano: "Jumapili 1 Machi. Unyayo wa kushoto, chini ya kidole gumba. Milimita 4. Kahawia moja. Haiwashi."

Mwezi wa kwanza utachukua karibu saa nzima. Usivunjike moyo. Kuanzia mwezi wa pili unalinganisha tu, na robo saa inatosha.

## Hatua ya 7: Amua, ungoje au uende

Kwa doa lenye rangi, jiulize haya. Nusu yake moja inafanana na nyingine? Ukingo wake ni laini, au umechanika kama ramani? Rangi ni moja, au kuna nyeusi, kahawia, nyekundu na hata bluu ndani ya doa moja? Limezidi milimita 6, yaani karibu upana wa kifutio kilicho nyuma ya penseli? Na lililo kubwa kuliko yote: limebadilika tangu mwezi uliopita? Doa dogo linalobadilika ni la hatari kuliko kubwa lililotulia miaka kumi.

Nenda hospitali pia ukiona lolote kati ya haya:

- Kidonda ambacho hakijapona kwa wiki nne, hata kama ni kidogo na hakiumi
- Gamba linalobanduka, linatoa damu, linarudi palepale
- Kinyama kigumu kinachokua, hasa kwa mwenye ualbino
- Mabaka au uvimbe wa zambarau, kahawia au mweusi usiowasha, hasa miguuni, pengine na mguu kuvimba

Kwa hilo la mwisho, kama hujui hali yako, pima VVU. Kama tayari unatumia ARV, usiziache hata siku moja; waonyeshe mapema wahudumu wa CTC yako, yaani kliniki unakochukulia dawa hizo. Kwa wengi dawa hizo zenyewe hupunguza Kaposi, na wengine huongezewa dawa za saratani.

Alama nyingi utakazopeleka hazitakuwa saratani. Itakuwa chunjua, sugu, keloidi au fangasi. Hiyo si safari iliyopotea. Mimi nafurahi nikimrudisha mtu nyumbani na chunjua yake.

## Hatua ya 8: Ukifika hospitali

Beba daftari, simu yenye picha, na kadi ya bima kama unayo. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uombe rufaa kama alama inaingia kwenye orodha ya juu. Njia hupitia hospitali ya wilaya na ya mkoa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Wanaohitaji mionzi wengi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Usiseme tu "nina kidonda." Ukisema hivyo utapewa dawa ya kupaka na kurudi nyumbani. Sema: "Kidonda hiki kina wiki saba, hakijapona, na hizi ni picha zake za mwezi jana na mwezi huu. Naomba kiangaliwe kama ni saratani." Sentensi hiyo hubadilisha mazungumzo yote. Kama umepewa dawa ya kupaka mara mbili na hakuna nafuu, rudi na uombe kukatwa kinyama.

Kukatwa kinyama ni kuchukua kipande kidogo cha alama hiyo, kwa ganzi, na kukipeleka maabara. Bila hapo hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika. Nasikia kila mara kwamba kisu huamsha saratani ikasambaa. Si kweli. Kinachoisambaza ni muda. Wanaosema "fulani alikatwa akafa" wanamzungumzia mtu aliyefika amechelewa, na kisu kikalaumiwa kwa kazi ya miezi iliyotangulia. Saratani ya ngozi iliyokamatwa ikiwa ndogo mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo, ukarudi kwako siku hiyohiyo. Na kwa wenye ualbino, yale mabaka ya msasa huweza kugandishwa kwa baridi kali kabla hayajawa saratani kabisa.

Usiondoke bila kuuliza mambo matatu: majibu yatatoka lini, nampigia nani, na nisipopigiwa nirudi siku gani. Andika yote daftarini. Nimeona majibu yaliyokaa kabatini huku mgonjwa anadhani kimya maana yake ni salama.

## Hatua ya 9: Kinga katika jua letu la baridi

Watu wa Dar es Salaam wanalihisi jua lao, nasi hatulihisi letu. Hapo ndipo tunapodanganyika. Joto na mionzi inayounguza ngozi ni vitu viwili tofauti. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kitulo inapita 2,500. Mawingu mepesi huipitisha sehemu kubwa. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kukaa ukutani kuota jua, sweta mwilini na uso wazi, kwa mwenye ualbino ni madhara matupu, hasa ikivuka saa tatu asubuhi. Mtu huyo aote moto, au ajifunike blanketi.

Kipimo kisichohitaji saa ni kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Hiyo ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni hivi. Kazi za shamba zianze alfajiri, zikatishwe, ziendelee jioni.

Kofia. Kapelo haitoshi, inaacha masikio na shingo, na huko ndiko saratani nyingi huota. Tafuta pama yenye ukingo wa upana wa vidole vinne kuzunguka kichwa chote.

Nguo. Inua kitambaa kuelekea dirishani. Ukiona mwanga mwingi unapenya, na mionzi inapenya. Kitenge kizito kinashinda shati jepesi lililochakaa. Mikono mirefu, kola, suruali au sketi ndefu. Kwa mwanafunzi, nenda shuleni kabla muhula haujaanza, uzungumze na mwalimu wa darasa ana kwa ana: mikono mirefu hata kama sare ni mifupi, kofia mstarini na kwenye michezo, dawati la mbele lisilopigwa na jua la dirishani. Mwambie sababu. Walimu wengi huadhibu kofia kwa kutojua tu.

Mafuta. Mafuta ya mgando, ya nazi na ya alizeti hayakingi jua. Mkorogo ndio mbaya zaidi, kwa sababu unaondoa rangi ambayo ndiyo kinga yako. Zebaki na haidrokwinoni zilizomo kwenye baadhi ya krimu hizo zimepigwa marufuku nchini.

Losheni ya kukinga jua. Iwe na SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua, huandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Iko inayoitwa Kilisun, inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, mahususi kwa wenye ualbino na kugawiwa kupitia kliniki. Ulizia kwenye kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino cha wilaya yako. Paka dakika 20 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Mtoto wa chini ya miezi sita asipakwe. Yeye akingwe kwa kivuli na nguo.

Wengi hupaka kidogo mno ili idumu. Kiasi kinachokinga uso, masikio na shingo ni kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na nusu kijiko kingine kwa migongo ya mikono. Ndiyo maana nimeanza na nguo: kila sehemu iliyofunikwa ni losheni uliyoiokoa. Kwa kipimo hicho, ukipaka mara moja kwa siku, chupa ya mililita 100 huisha karibu ndani ya wiki mbili. Kama yako ilifunguliwa Januari na sasa ni Machi bado ina nusu, ngozi yako imekuwa wazi muda wote huo. Leo pima kwa kijiko.